Muosha Hana Macho

Bi Mize binti Kombo analala baada ya sala ya adhuhuri, na usingizi wa leo hauanzii machoni, unaanzia mikononi. Vidole vinakufa ganzi kwanza, kisha viganja, kisha viwiko, na yeye, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja ameosha maiti za wanawake wa Ng'ambo ya Unguja, anaitambua njia hiyo, kwa sababu ndiyo njia ambayo ubaridi huipitia mwilini. Hashtuki. Mtu wa kazi yake hashtuki, huangalia. Mkeka uko chini yake, dirisha liko nusu wazi, nje ni jua la mwezi wa Mfungo Sita, mwaka elfu moja mia tatu na sita wa Hijria, mwaka ambao Waingereza walio kule kwenye majumba ya mawe wanauandika kwa hesabu yao wenyewe, chini ya jina la Malkia wao Viktoria. Kabla ya alasiri atakuja Vuai.

Vuai bin Simai ni mtoto wa marehemu dada yake. Amemlea tangu ana miaka sita, akamfundisha kazi, na sasa Vuai ndiye muosha wa wanaume wa mtaa ule ule, mtu mpole, msafi, mwenye sauti nzuri ya kusoma. Anakuja kuchukua jibu la posa. Jana Bi Mize alimpelekea posa kwa Mwatima binti Ame, mjane anayeshona kofia nyumba ya tatu kutoka hapa, na Mwatima alicheka mpaka sindano ikamtoka mkononi, akasema, Bi Mize, mimi si maiti, nitakeje mtu wa kuniosha? Mwambie mwanao mkono wake nauogopa, una baridi ya kafuri mnayowatia maiti. Jibu hilo bado halijafika kwa mwenyewe. Ni posa ya tano. Kabla ya Mwatima, Bi Mize alikwenda kwa Kazija msuka mikeka, kwa Tausi muuza mafuta ya nazi, kwa Mkasi aliyekuwa kungwi, na kwa Nunu aliyekuwa akipika mikate katika nyumba ya Mwingereza mmoja. Wote wanawake wasio na waume, wote walikataa, na wote wanne amewaosha yeye katika muda wa miezi kumi na minne. Wameuawa. Mtaa mzima unajua kwamba wameuawa, kwa kuwa wanawake wanne wazima hawafi ghafla kwa kufuatana, na hakuna anayejua na nani. Bi Mize ana habari mbili, ya posa na ya maiti, na amezilaza vyumba viwili, ukuta katikati, mlango hakuna.

Ndipo anapohisi kwamba chini ya mkeka pako wazi. Anauinua na kukuta ufuo, lile shimo refu linalochimbwa chini ya kitanda cha maiti ili maji ya kuoshea yaingie humo yasitapakae nyumbani. Limechimbwa chumbani mwake, kando zake zimenyooka, kazi ya mtu anayejua kazi. Anatafuta udongo uliotolewa, haoni hata konzi moja. Anaona maji yakitiririka kuingia humo, na yananuka majani ya mkunazi. Anashusha mguu apime kina, kwa kuwa kitu kisichopimwa hakijulikani, na mguu haufiki chini, anashusha wa pili nao haufiki, na sasa hana mguu wa kupandia, yuko njiani. Njia ni nyeupe na haina kivuli, na kila akihesabu hatua mia anajikuta penye hatua ya kwanza, jiwe lile lile lenye ufa, anahesabu tena, jiwe lile tena, na mara ya tatu jiwe liko kushoto badala ya kulia, na hiyo ndiyo ishara pekee kwamba amesogea. Kisha mji unamjia badala ya yeye kuuendea. Ni Ng'ambo na si Ng'ambo. Kila nyumba imetazamana na nyumba iliyo sawa nayo, mlango kwa mlango, ufa kwa ufa, mwanamke anayepeta mchele upande huu anapeta mchele upande ule, ila huyu anaanza na mkono wa kuume na yule wa kushoto, na wote wawili hawana nyuso. Penye uso pana ngozi tu, bapa, laini, kama unga uliokandwa ukasahauliwa. Bi Mize anachungulia kama kuna kovu. Hakuna. Nyuso hazikuondolewa, hazikuwahi kuwekwa.

Na hao hao wasio na nyuso ndio wanaomtambua. Huyo! anasema wa upande huu. Huyo! anasema wa upande ule. Mama Kafuri kaja mjini, na wala hajafa mtu. Shoga, usimpe mkono, atakupima sanda. Mwache anipime, mimi mfupi, nitambakishia kitambaa. Wanacheka bila midomo, kicheko kinatoka vifuani, na Bi Mize anawatolea salamu, kwa kuwa adabu haichagui mji. Hakuna anayeitika. Mwanamke mmoja mnene, aliyekalia kinu kilichopinduliwa, anamwambia, Salamu zako tunazijua, Bi Mize. Ukitoa ya kwanza mlangoni umekuja kuomba mke. Ukitoa ya pili umekuja kuomba maji ya moto. Wengine wanapiga makofi. Bi Mize anayapima, maneno ya yule mwanamke ni sawa, hayana hata neno moja la kuongezwa, na hilo linamuudhi kuliko matusi. Anaharakisha, na njia nayo inaharakisha, mpaka anafika penye mtu aliyesimama katikati yake.

Mtu huyo amevaa nguo nyeupe isiyoshonwa, uso wake ni bapa kama wa wengine, na mkononi ana kalamu ya unyasi na karatasi. Sauti yake ni ya Karani Mselemu. Huyu Mselemu ni karani wa serikali anayepeleleza mauaji ya wale wanne, mtu wa subira, asiyepandisha sauti, na mara mbili amekaa barazani kwa Bi Mize akamwuliza aliona nini juu ya miili ile, na mara zote mbili Bi Mize amemjibu neno moja, muosha hana macho. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha alifundishwa vivyo hivyo: aibu ya maiti huoshwa pamoja na maiti, maji yakazama ufuoni, na muosha akitoka nje hana alichokiona. Mimi ndiye nitakayekuongoza, anasema huyo mwenye sauti ya karani, ila njia ya huku hufunguka kwa vitendawili. Ukijibu tunakwenda. Ukishindwa, unanipa mji, kama watoto wanavyopeana. Bi Mize anasema, Mimi mtu mzima, sichezi. Na wale wanne walikuwa watu wazima, anasema kiongozi, nao hawakuwa wakicheza. Kitendawili! Na midomo ya Bi Mize, bila kumwomba ruhusa, inasema, Tega.

Nimefungwa kabla sijafungwa, anasema kiongozi. Bi Mize analijua jibu kabla sauti haijakatika. Ni Kazija. Alipoingia kumwosha Kazija alimkuta macho yamefumbwa, mikono imenyooshwa ubavuni, vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja, na taya limefungwa kwa kitambaa cha bafta mpya, ile nyeupe ya sanda, kilichopita chini ya kidevu hadi utosini. Ndivyo anavyofanyiwa kila anayekata roho mbele ya watu, ili asikakamae akiwa mdomo wazi. Lakini Kazija hakukata roho mbele ya watu. Jirani aliyemkuta alidhani jirani mwingine ndiye aliyetangulia kumsitiri, na yule mwingine alidhani ni huyu, na kila mmoja akamwombea mwenzake thawabu, na hakuna aliyeuliza. Kwa Tausi ikawa vivyo hivyo, kwa Mkasi, kwa Nunu. Mtaa mzima ulikuwa ukimshukuru mwuaji kwa heshima aliyompa maiti wake. Bi Mize peke yake aliuliza, maana ndiye aliyefungua, na chini ya kitambaa alikuta alama ya kitambaa kingine shingoni, nyembamba, ya zambarau, imezunguka bila kukatika. Aliiosha mara tatu. Aliifunika. Sasa anamtazama kiongozi penye uso ambao haupo, na anasema, Sijui.

Basi nipe mji. Anatoa Bagamoyo, kwa kuwa hana ndugu huko. Nimekwenda Bagamoyo, anasema kiongozi, kama mchezo unavyotaka, nimewakuta watu wanakula, nikawaambia Bi Mize amewatoa. Na mwisho wa njia Bagamoyo inaonekana, ndogo, kama kitu kilichowekwa juu ya sinia, na watu wake wamekaa mbele ya chakula, na kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, taya lake limefungwa kwa bafta. Hawafi. Hawali tu. Hawasemi tu. Bi Mize anasema, Huu ni mchezo, na kiongozi anasema, Ndiyo, na njia inajikunja, mji uliokuwa mbele unakuwa nyuma, nyumba zinazotazamana zinazidi kukaribiana, mpaka ukinyoosha mikono unagusa milango miwili. Kitendawili! Tega. Nyoka wangu hugeukia kushoto mara mbili, kisha huficha kichwa chini ya tumbo lake.

Hilo nalo analijua, na hili ndilo analotamani asingelijua. Ni fundo. Bibi yake alilifunga, naye akamrithisha: ncha hupitishwa kushoto mara mbili, ikarudi chini ya tumbo la fundo, ili kaburini maharimu, ndugu wa karibu wa maiti, alifungue kwa kidole kimoja bila kumsumbua maiti. Waosha wengine wa Unguja hawafungi hivyo, wao husokota ncha wakazichomeka. Bi Mize hakujaliwa binti wa kumfundisha. Alimfundisha Vuai, akiwa na miaka tisa, juu ya gogo la mgomba. Walilivika gogo sanda uani, wakalifunga, wakalifungua, wakalifunga tena, na mtoto alikuwa na vidole vyepesi, alifurahi, aliomba gogo lingine. Hakuna mtu wa tatu. Fundo lililokuwa chini ya kidevu cha Kazija, cha Tausi, cha Mkasi, cha Nunu, Bi Mize alilifungua kwa kidole kimoja, mara nne, na mara zote nne kidole kilijua njia kabla yake. Sijui, anasema. Nipe mji. Pangani. Nimekwenda Pangani, anasema kiongozi, na Bi Mize hataki kutazama mwisho wa njia, lakini njia ni ya vioo sasa, kila ukuta unaionyesha Pangani, taya kwa taya, kitambaa kwa kitambaa, hata wanyama, hata mbuzi waliofungwa kwenye miembe wana vitambaa.

Wale wanawake wamemfuata. Au wamebaki pale pale na yeye ndiye aliyezunguka akarudi. Yule wa kinuni anasema, Mwisho wake atatoa na choo cha jirani. Mwingine anasema, Sheria inasemaje, Bi Mize, si unapenda sheria? Bi Mize anasema, Maiti ana haki ya kusitiriwa. Hata huyo Mselemu anajua. Nikitangaza ya mmoja, kesho nani atanikabidhi mama yake? Amesema kwa utulivu, kama anavyosema kila mara, na kila mara watu hunyamaza. Hawa hawanyamazi. Yule wa kinuni anashuka, anamsogelea hadi ngozi tupu ya uso wake inakaribia kumgusa pua. Haki ya kusitiriwa, anasema. Kazija alikuambia umsitiri? Shingo yake ilikuwa na aibu gani? Aibu ni ya aliyefungwa au ya aliyefunga? Bi Mize, usitutie mchanga, sisi macho hatuna. Ulimsitiri maiti, au ulimsitiri mwana? Kicheko kinapanda kutoka vifuani vyote, upande huu na upande ule.

Kiongozi anamgusa bega, anamwonyesha mtaa. Tazama, anasema. Upande wa kulia anatembea Bi Mize mmoja, amevaa ukaya wake mzuri kichwani, ana mkoba wa tambuu, amekwenda kuposa. Upande wa kushoto anatembea Bi Mize mwingine, mikono imekunjwa hadi viwikoni, ana kata ya kuogeshea na furushi la bafta. Hawatazamani. Ni ule ukuta wake, umelala chini na kuwa njia. Yule wa mkoba anabisha hodi kwa Kazija, anaingia, anatoka, anakwenda zake. Mlango unakaa siku kadhaa. Kisha yule wa kata anabisha hodi mlango ule ule. Yule wa mkoba kwa Tausi, mlango unakaa, yule wa kata kwa Tausi. Kwa Mkasi. Kwa Nunu. Hatua zao ni sawa, pumzi yao ni sawa, siku zilizo katikati ni saba, tano, saba, nne, Bi Mize anazihesabu bila kutaka, na anaona kitu ambacho akiwa macho hajakiruhusu kuonekana, kwamba hakuna mlango ambao wa kata ameuendea peke yake kwa kifo cha namna ile, na hakuna mlango uliokataa ambao wa kata hakuuendea. Kitendawili, anasema kiongozi polepole. Baada ya hodi ya kwanza na kabla ya hodi ya pili, kuna hodi ya mtu anayejulikana, mlango haukomewi. Tega umeshasema. Jibu.

Lamu, anasema Bi Mize, chukua Lamu. Kiongozi anatikisa kichwa. Miji ya mbali imekwisha. Nipe ulio karibu. Nipe mtaa, nipe nyumba. Nipe ya tatu kutoka kwako. Na nyumba za pande mbili zinafungana kabisa, hakuna njia tena, kuna mlango mmoja tu, na ndani yake ameketi Mwatima binti Ame, mwenye uso, mtu wa kwanza mwenye uso katika nchi ile nzima, anashona kofia na anajisimulia jambo na kujichekea mwenyewe. Nyuma ya bega lake ukanda wa bafta unateremka, hauna mtu anayeushika, unajikunja kushoto mara moja. Mwatima analamba uzi, anatunga sindano. Unajikunja mara ya pili. Bi Mize amesimama na kata mkononi, maji ya moto tayari, kama kwamba amekwisha kuitwa.

Basi, anasema. Andika.

Na pale pale pana chumba, kina meza, kina kiti, na ukutani kuna picha ya Malkia wa Waingereza katika fremu ya dhahabu, taji lipo, shela ipo, uso hakuna. Kiongozi anaketi na kalamu yake. Bi Mize hakai. Anasema kama anavyoosha, kuanzia juu kushuka chini, kuanzia kuume kwenda kushoto, bila kuruka kiungo. Kazija binti Haji, amekutwa siku ya Jumanne, macho yamefumbwa, taya limefungwa kwa bafta mpya, shingoni alama moja isiyokatika, upana wa kidole kidogo. Tausi binti Mkadara, Jumamosi, vivyo hivyo, na ukucha mmoja wa mkono wa kuume umevunjika. Mkasi binti Pandu, vivyo hivyo. Nunu, baba yake simjui, vivyo hivyo, na shingoni alama mbili, kwa kuwa alikuwa na nguvu. Fundo ni lile lile mara nne. Fundo hilo linajulikana na watu wawili. Mmoja ni mimi. Siku aliyouawa Mkasi nilikuwa Makunduchi mazishini, nikarudi kesho yake kumwosha, wapo watu mia wa kushuhudia. Wa pili ni Vuai bin Simai, mtoto wa dada yangu, niliyemnyonyesha akili kwa mkono huu. Wanne hao nimemposea yeye. Wanne hao walimkataa. Majibu nimempelekea mimi. Na wa tano, Mwatima binti Ame, amekataa jana, na jibu lake ninalo.

Kila anapotaja jina, mahali fulani nyuma yake kitambaa kinalegea, na mtu anavuta pumzi. Bagamoyo wanakula. Pangani mbuzi wanalia. Kalamu inakwaruza na kukwaruza. Bi Mize anasikia ubaridi ukimtoka mikononi, kwa njia ile ile uliyoingilia, viwiko, viganja, vidole, na anadhani, basi ndivyo ilivyo, ni kitu kidogo hivi. Kiongozi anauliza, Haya yote nani mwingine anayajua? Hakuna, anasema Bi Mize, mimi peke yangu. Karani umemwambia? Bi Mize anasita, kwa kuwa sauti hii si ya Mselemu tena na hakumbuki ilibadilika penye neno gani. Ni sauti nzuri, ya msomaji, inayotua kila neno mahali pake. Sijamwambia karani, anasema. Nimekwambia wewe. Kiongozi anaweka kalamu chini. Ahsante, mama mdogo, anasema.

Ahsante, mama mdogo, anasema Vuai. Ameketi kizingitini mwa chumba, kanzu safi, kilemba safi, magoti pamoja, na jua liko nyuma yake. Bi Mize amelala juu ya mkeka. Anapapasa chini ya mkeka, sakafu ipo, ngumu, kavu. Umefika saa ngapi, baba? anauliza. Kitambo, anasema Vuai. Sikutaka kukuamsha. Ulikuwa unasema usingizini, mama mdogo, tangu utoto wangu sijawahi kukusikia ukisema hivyo. Umepanga vizuri. Hukuruka kitu. Bi Mize anamtazama usoni. Uso ni wa dada yake, paji la dada yake, nyusi za dada yake, kila kitu kiko mahali pake, na yeye hawezi kusema kama hilo ni dalili ya kuamka au dalili kwamba nchi ile imejifunza kutengeneza nyuso. Anatafuta jambo moja la hakika la kusimamia. Mkeka ni mkeka. Lakini na kule njia ilikuwa njia. Anakumbuka amekwenda kwa Mselemu, chumba, meza, picha ukutani. Hajawahi kuingia katika chumba cha Mselemu, hajui kama kina picha.

Vuai anatabasamu, si kwa ubaya. Amekataa, basi, anasema. Nilijua. Kwa hivyo huna haja ya kujisumbua kutafuta maneno. Mama mdogo, si umenifundisha mwenyewe, kinachoonekana ndani hakitoki nje? Umesitiri mara nne. Ya tano itakuzidi nini? Anasema kama anayemtia moyo mgonjwa. Mwatima anasema mkono wangu una baridi, sivyo? Wote walisema maneno ya namna hiyo. Mkono unaowafaa wakifa, wakiwa hai unawachukiza. Wewe hujaambiwa hivyo, mama mdogo? Nimeambiwa miaka thelathini na mmoja, anasema Bi Mize. Na hukumfunga mtu, anasema Vuai, kweli, wewe una subira. Anasimama, anajipangusa kanzu, anarekebisha ncha ya kilemba begani. Ni bafta mpya. Nakwenda kumwamkia jirani yako, anasema, kisha nitawahi sala ya alasiri. Utakuwepo nyumbani? Huenda ukaitwa.

Anatoka. Nyayo zake zinasikika uani, polepole, za mtu asiye na haraka na asiye na shaka. Bi Mize amekaa juu ya mkeka na anafikiri kwa jinsi anavyojua kufikiri, jambo baada ya jambo. Ikiwa bado amelala, Mwatima yuko salama nyumbani kwake, na atakayoyasema hapa hayatamdhuru mtu, hata Vuai. Ikiwa yuko macho, kuna nyumba mbili kati ya kanzu ile na mlango usiokomewa. Hakuna namna ya kujua. Wala haihitajiki kujua, maana pande zote mbili za mizani zinaelekea upande mmoja. Isipokuwa kwamba mtu huyu alimwomba gogo lingine la mgomba. Hilo Bi Mize analiona, analipima, na kuliweka kando pale pale lilipo, halijapungua uzito.

Anakwenda dirishani na kulifungua lote. Mwanga unampiga usoni, mtaa wote ni mweupe, haoni mtu, anasikia tu kinu kinatwangwa mahali na mtu anapiga chafya. Kazija binti Haji! anasema kwa sauti ambayo hajapata kuitoa maisha yake, sauti ya mnadi. Alikutwa Jumanne! Taya lilikuwa limefungwa na hakuna aliyelifunga kati yenu! Kinu kinanyamaza. Nani huyo? anauliza mtu. Bi Mize, anasema mwingine, kisha kicheko, kisha, Mwacheni, bibi wa watu, anaota. Tausi binti Mkadara! anasema Bi Mize. Fundo la kushoto mara mbili! Mkasi! Nunu! Aliyewafunga nimemfundisha mimi, nimemlea mimi, anakuja huko, amevaa kilemba cha bafta, mkomee milango! Anaota, wanasema, jua la leo kali, mpelekeeni maji. Nyayo za Vuai zimesimama. Hajui zimesimama wapi, mbele ya nyumba ya pili, mbele ya ile ya tatu, au chini ya dirisha hili. Anaanza upya, kwa Kazija, kuanzia juu kushuka chini, bila kuruka kiungo, na watu wanazidi kucheka, mpaka sauti moja ya mwanamke, iliyo karibu au iliyo mbali, sauti ambayo jana ilicheka kupita zote na sasa haicheki, inawaambia, Hebu nyamazeni, nyie, nimsikie.